SSD Imeingia, Laptopu Haiwaki: Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Diski Bila Kukwama

Meseji ninazopata kuhusu SSD, zile diski za kasi zisizo na kitu kinachozunguka ndani, zinafanana kama mapacha. Mtu kanunua diski, kafungua mashine, kafunga, kabonyeza kitufe cha kuwasha, halafu kioo cheusi kinamletea mstari mmoja mweupe kwamba hakuna diski ya kuwashia. Wengine hawafiki hata hapo, maana diski waliyotoka nayo dukani haiingii kwenye nafasi yake.

Kazi ya bisibisi yenyewe haizidi dakika ishirini, na karibu hakuna anayeniandikia kwamba skrubu zimemshinda. Watu wanakwama dukani kabla ya kufungua, au kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, baada ya kufunga. Huko ndiko nitakokaa zaidi. Kwenye skrubu tutapita haraka.

Nachukulia kwamba una laptopu ya Windows yenye HDD, ile diski inayozunguka ndani na kutoa mlio ukiisogezea sikio, na kwamba unataka kuendelea kuitumia kwa kazi za kila siku: kuandika, kuhariri picha, kufungua kurasa kumi kwa mpigo bila mashine kuganda.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Bisibisi ndogo ya nyota, saizi PH0, na PH1 kwa skrubu kubwa kidogo. Bisibisi iliyolika ncha ndiyo inayokula vichwa vya skrubu, kwa hiyo hapa usiazime ya kurekebishia baiskeli.
- Kadi ya plastiki usiyoihitaji, mfano kadi ya benki iliyokwisha muda. Ni ya kubandulia kava. Kisu kinaacha makovu na kinaweza kukata waya.
- Adapta ya SATA kwenda USB, au kesi ya nje ya M.2 kama diski yako ni ya aina hiyo (aina hizi nazieleza Hatua ya 1). Kwenye laptopu yenye nafasi moja ya diski, bila adapta huwezi kunakili Windows moja kwa moja kutoka diski moja kwenda nyingine.
- Flashi tupu ya GB 8 au zaidi yenye kisakinishi cha Windows. Itengeneze hata kama unahamisha Windows iliyopo, kwa sababu mambo yakigoma ndiyo itakayokuokoa. Na itengeneze sasa, wakati mashine bado inawaka.
- Diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya faili zako.
- Karatasi nyeupe, kalamu na selotepu. Utaona kazi yake Hatua ya 7.
- Umeme wa uhakika. Kama betri ya laptopu imekufa na unategemea chaja peke yake, tafuta UPS au kaifanyie kazi hii kwa mwenye jenereta. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha diski, unaanza upya.

SSD haimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Usiinunue mpaka umalize hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Jua mashine yako inakula diski gani

Kuna aina tatu utakazokutana nazo, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote.

Ya kwanza ni SATA ya inchi 2.5, bapa kama pakiti ya karata, saizi ileile ya HDD ya laptopu. Laptopu nyingi za zamani zilizotoka na HDD zinatumia hii. SSD nyingi za aina hii zina unene wa mm 7. Kama nafasi yako ilitengenezwa kwa diski ya mm 9.5, SSD itacheza kidogo ndani, na hapo unaweka fremu nyembamba ya plastiki juu yake.

Ya pili na ya tatu zote zinaitwa M.2, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ni vibao vyembamba, vingi vikiwa na upana wa mm 22 na urefu wa mm 80, ndiyo maana vimeandikwa 2280. Kimoja kinaongea lugha ya SATA, kingine kinaongea NVMe. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja, lakini soketi iliyojengwa kwa SATA peke yake haitaiona NVMe kabisa, hata ikiingia na kukaza vizuri. Tazama meno ya dhahabu ya kibao: M.2 ya SATA kwa kawaida ina mapengo mawili, NVMe kwa kawaida ina moja. Nasema kwa kawaida, kwa hiyo soma na maandishi ya lebo.

Utajuaje ya kwako? Geuza laptopu, chukua jina kamili la modeli kwenye stika ya chini, pamoja na zile herufi ndogo za mwisho. HP, Dell na Lenovo wameweka bure kwenye tovuti zao vitabu vya matengenezo vya modeli zao nyingi, na ndani yake kuna ukurasa wa diski. Ukikosa kitabu, fungua kava uangalie kwa macho kabla ya kwenda dukani. Hiyo ndiyo njia isiyodanganya.

Sasa ukubwa. Kama unapanga kuhamisha Windows yako kama ilivyo, nunua SSD iliyo sawa na diski ya zamani au inayoizidi. HDD nyingi ni za GB 500, halafu SSD ya bei nafuu iliyopo dukani imeandikwa GB 480. Hizo GB 20 zinazopungua zinaonekana si kitu, lakini programu nyingi za kunakili diski, Clonezilla ikiwemo, kwa kawaida hukataa kuandika diski kubwa kwenye diski ndogo hata kama diski yako imejaa nusu tu. Ya GB 512 inakuondolea shida yote. Na usishtuke Windows ikikuonyesha GB 476 badala ya 512, kwani yenyewe inahesabu kwa vipimo tofauti na vya kiwandani. Hujaibiwa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia muuzaji kwa pumzi moja: "Nataka SATA ya inchi 2.5, GB 512."

## Hatua ya 2: Nunua, kisha ipime siku hiyohiyo

Niliwahi kununua SSD ya nje iliyoandikwa TB 2 kwa bei iliyonifanya nijione mjanja. Mafaili ya kwanza yaliingia vizuri. Baada ya wiki nikafungua picha za safari nikakuta nusu yake ni vijistari vya kijivu. Nilipobandua kava, ndani kulikuwa na kadi ya kumbukumbu, ileile ya simu, imechomekwa kwenye kibao kidogo na kumwagiwa gundi ya moto. Nikamrudishia muuzaji. "Bosi, mbona inaonyesha TB 2 kabisa?" Na kweli ilikuwa inaonyesha. Kidude kilichopangwa kudanganya kinaiambia kompyuta ukubwa wowote kinaoutaka, na data ikizidi uwezo wake halisi, kinaandika juu ya ile ya zamani au kinaitupa.

Kwa hiyo, uwe Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, fanya haya.

Dukani, omba ichomekwe kwenye kompyuta ufungue programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Linganisha namba ya utambulisho wa diski (serial number) iliyo kwenye kioo na iliyo kwenye lebo. Tazama saa ilizokwisha kuwaka. Diski mpya inaonyesha sifuri au saa chache. Ikionyesha saa elfu sita, hiyo imetoka kwenye mashine ya mtu mwingine.

Nyumbani, kabla ya kuweka kitu chochote, ichomeke kwa adapta. Fungua sehemu ya Windows ya kusimamia diski, iandae kwa mtindo wa GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski, ule wa zamani ni MBR), ifomati NTFS, mfumo wa faili wa Windows, halafu endesha H2testw. Programu hii inajaza diski nzima kisha inasoma kila ilichoandika. Inachukua muda, kwa hiyo iache ukale chakula. Ikimaliza bila kosa, diski ni ya kweli. Ikileta kosa, irudishe kesho yake risiti ikiwa bado ya moto.

## Hatua ya 3: Okoa faili, halafu ipime diski ya zamani

Nakili kila kitu chako kwenda diski ya nje. Watu wanakumbuka picha na nyaraka, wanasahau vitu vilivyojificha: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, rasimu zilizobaki kwenye eneo-kazi, folda ya vilivyopakuliwa, barua pepe zilizokaa ndani ya programu badala ya mtandaoni. Nenda folda kwa folda.

Kisha fungua CrystalDiskInfo uangalie HDD yako. Rangi ya bluu inamaanisha diski ni nzima. Ikiwa ya njano, tazama mistari miwili, wa 05 na wa C5. Wa 05 unahesabu sehemu zilizokufa na kubadilishwa, wa C5 unahesabu zilizo mahututi zikisubiri hukumu. C5 ikiwa na namba zaidi ya sifuri, usijaribu kuhamisha diski nzima. Programu itakwama kwenye sehemu hizo, na kule kuisumbua diski kwa masaa kunaweza kuimaliza kabisa. Chukua faili zako, anza na Windows mpya.

## Hatua ya 4: Kuhamisha au kuanza upya?

Kuhamisha, au kukloni kama mafundi wanavyosema, ni kuichukua diski nzima kama ilivyo: Windows, programu, mipangilio, na takataka zote za miaka sita. Kuanza upya ni kusakinisha Windows mpya kwenye SSD tupu.

Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, naanza upya. Mashine inakuwa nyepesi, na makosa ya kukloni yote yanakuwa hayakuhusu. Lakini kisakinishi cha Windows 11 ni zaidi ya GB 5 za kifurushi, na kama una programu uliyonunua leseni ambayo hujui pa kuipata tena, kukloni kuna maana. Nenda na hali yako.

Wengi wanaogopa kupoteza leseni ya Windows, na hofu hiyo haina msingi. Mashine zilizotoka na Windows 8 na kuendelea kwa kawaida zina ufunguo wake ndani ya ubao mkuu, na Windows 10 au 11 iliyokwisha kuamilishwa inautambua ubao huo. Ukibadilisha diski, ubao haujabadilika.

Jambo moja la kuzingatia: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za kuanzia takriban kizazi cha 8 cha Intel. Kama mashine yako ni ya 2013, fikiria Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Ninayo kwenye laptopu ya zamani ninayoandikia, na kwa kazi ya kivinjari na maandishi sioni nilichopoteza.

Mnaoanza upya, rukeni hadi Hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Iandae Windows kabla ya kuikloni

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, ufanye mambo manne kwa mpangilio huu.

1. Andika `manage-bde -status`. Ikionyesha kwamba C: imefungwa kwa BitLocker, izime usimbaji na usubiri umalize, hata kama ni saa kadhaa. Ukikloni ikiwa imefungwa, unaweza kuamka na mashine inayokudai ufunguo wa tarakimu 48.
2. Andika `chkdsk C: /f`, kubali, kisha washa upya ili isafishe makosa ya faili. Kosa dogo kwenye HDD linahamia SSD pamoja na vingine vyote.
3. Andika `powercfg /h off`. Hii inazima usingizi mzito wa Windows. Bila hivyo, ukizima mashine haizimi kikweli, inajiacha nusu, na nakala inatoka na hali hiyo ya nusu.
4. Andika `diskpart`, halafu `list disk`. Angalia safu ya Gpt: diski yako ya Windows ina nyota hapo au haina? Iandike kwenye karatasi, "nyota ipo" au "nyota haipo". Alama hii ndogo ndiyo jibu la meseji nyingi ninazotumiwa, na tutaihitaji kwenye Hatua ya 8.

Andika `exit` utoke.

## Hatua ya 6: Kloni

HDD ibaki ndani ya laptopu, SSD ichomeke nje kwa adapta. Tumia tundu la USB la bluu kama lipo. Kwa USB 2.0, GB 300 zinaweza kuchukua zaidi ya saa mbili. Kwa USB 3.0 kinachokuchelewesha ni HDD yenyewe.

Kuhusu programu: kama mtengenezaji wa SSD yako anatoa ya kwake, anza na hiyo. Samsung wanayo, na Kingston na WD wanatoa toleo la Acronis. Huna hizo? Clonezilla ni ya bure na inafanya kazi, ingawa uso wake ni mkavu na unakutaka usome kila swali.

Mambo mawili yanaharibu kazi hapa.

Kuchagua C: peke yake. Kwenye diski yako kuna partisheni ndogo, yaani vipande vilivyogawanywa, ambazo huzioni kila siku. Mojawapo, kwenye mashine za mtindo wa GPT, ina takriban MB 100 na ndiyo inayobeba faili za kuwashia Windows. Ukihamisha C: peke yake umebeba nyumba ukaacha funguo. Chagua diski nzima.

Kugeuza mwelekeo. Programu itakuuliza chanzo na kikomo. Ukikosea, SSD tupu inafuta HDD yako yenye kila kitu. Usitegemee "Diski 0" na "Diski 1", angalia jina la kampuni na ukubwa. Mimi husoma kwa sauti: "Kutoka Toshiba 500, kwenda Kingston 512." Nyumbani wananicheka, lakini tangu nianze sijawahi kukosea.

Umefaulu ukifungua SSD kupitia adapta ukakuta folda zako zilezile. Zima mashine kabisa.

## Hatua ya 7: Fungua, toa, weka

Chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kama iko ndani, basi kitu cha kwanza baada ya kufungua kava ni kuchomoa waya wake kwenye ubao. Halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi na tano kumaliza umeme uliobaki, na ushike chuma chochote kikubwa kuondoa umeme tuli mwilini.

Chora umbo la kava kwenye karatasi. Kila skrubu unayoitoa, ibandike kwa selotepu mahali pake kwenye mchoro. Skrubu za laptopu zinafanana kwa juu lakini urefu wake ni tofauti, na ukiingiza ndefu kwenye tundu fupi inatokea upande wa pili. Laptopu yangu ya kwanza ina kichunusi cha plastiki karibu na kibodi, kiganja kinakigusa kila nikiandika, na ni skrubu ya mm 6 iliyoingia pa mm 4.

Kava likigoma, usivute. Kuna skrubu umeiacha: chini ya miguu ya mpira, chini ya stika, au kwenye nafasi ya DVD. Zikiisha zote, ingiza kadi ya plastiki kwenye ufa, anzia karibu na bawaba, uitelezeshe taratibu. Utasikia *tak*, sentimita chache mbele tena *tak*. Hivyo ni vishikizo vinaachia. Sauti ya *krak* moja nene ndiyo mbaya. Kava likiachia pande zote, linyanyue kidogo uchungulie kabla ya kulitoa, maana kwenye baadhi ya mashine limeshikiliwa na waya bapa mwembamba kama utepe.

HDD ya inchi 2.5 inakaa kwenye fremu yake. Ivute kwa mlalo kutoka kwenye soketi, usiinyanyue kwanza, kwani soketi inaweza kung'oka. Hamishia fremu kwenye SSD, usukume mpaka ufa usionekane. Ya M.2 inaingia kwa mshazari, kama digrii 30, halafu unailaza na kuifunga kwa skrubu yake moja ndogo.

Rudisha waya wa betri, kisha kava, kisha skrubu kwa mchoro wako. HDD ya zamani isiwepo ndani wala kwenye USB utakapowasha mara ya kwanza. Kama umekloni, diski mbili zenye utambulisho mmoja zitagombana. Kama unasakinisha upya, Windows inaweza kuweka faili za kuwashia kwenye HDD bila kukuambia, na siku utakayoitoa mashine inakufa.

## Hatua ya 8: Washa, na hapa usiwe na haraka

Kama unasakinisha upya, chomeka flashi, washa, uite menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell, Acer, Toshiba na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Ukifika kwenye orodha ya diski, futa partisheni zote za SSD, chagua nafasi tupu inayobaki, endelea. Ukiambiwa mtindo wa GPT au MBR haukubaliki, flashi yako imewaka kwa njia isiyolingana na diski. Rudi kwenye menyu uchague jina la flashi lenye neno UEFI mbele yake. Na kama kisakinishi hakioni diski kabisa ilhali BIOS inaiona, kwenye BIOS badilisha hali ya diski kutoka RAID au RST kwenda AHCI.

Waliokloni, bonyeza kitufe cha kuwasha. Ikifika kwenye picha yako ya eneo-kazi, nenda Hatua ya 9. Isipofika, ingia BIOS (F2 kwa nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad) na ujiulize swali moja: jina la SSD linaonekana humu?

Halionekani. Tatizo ni la mkono. Zima, chomoa betri, toa SSD uiingize tena. Kama ni M.2 na bado haionekani, umenunua NVMe kwa soketi ya SATA, au kinyume chake.

Linaonekana lakini haiwaki. Chukua ile karatasi ya Hatua ya 5. Kama uliandika "nyota ipo", BIOS lazima iwe kwenye UEFI, njia mpya ya kuwasha, na cha kwanza kwenye mpangilio wa kuwasha kiwe Windows Boot Manager. Kama "nyota haipo", iwe kwenye Legacy, njia ya zamani, ambayo kwingine inaitwa CSM. Hii hutokea hasa kwa betri ndogo ya BIOS iliyozeeka: ukichomoa umeme wote, mipangilio inarudi ya kiwandani bila wewe kugusa kitu.

Inaanza, kisha skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mara nyingi hali ya diski kwenye BIOS imebadilika kati ya AHCI na RAID. Irudishe ilivyokuwa.

BIOS iko sawa na bado haiwaki. Sasa ndiyo kazi ya flashi. Washa kwa flashi, chagua kukarabati kompyuta badala ya kusakinisha, fungua dirisha la amri. Kwa mashine ya UEFI:

```
diskpart
list vol
```

Tafuta partisheni ndogo ya FAT32, kati ya MB 100 na 260, na usiichanganye na flashi, ambayo nayo mara nyingi ni FAT32 lakini ni ya GB. Tuseme namba yake ni 3. Angalia pia herufi ya partisheni yenye Windows, kwa sababu humu si lazima iwe C.

```
sel vol 3
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI
```

Ikijibu kwamba faili za kuwashia zimeundwa, chomoa flashi uwashe upya. Kwa mashine za Legacy, sababu ya kawaida ni kwamba partisheni ya kuwashia haijawekwa alama ya kuwa hai: ndani ya diskpart chagua ile ndogo ya mwanzoni kwa `sel vol`, kisha andika `active`.

Partisheni ya FAT32 haipo kabisa? Basi ulikloni C: peke yake. Rudi Hatua ya 6, pole.

## Hatua ya 9: Ukaguzi wa mwisho

Andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu la 0 linamaanisha TRIM inafanya kazi, na SSD inaarifiwa faili zinapofutwa ili isichoke mapema. Usiichoshe kwa programu za zamani za kupanga diski, Windows inajua yenyewe namna ya kuitunza.

Fungua usimamizi wa diski. Kama SSD ni kubwa kuliko HDD, mwishoni kuna nafasi isiyo na mwenyewe, ipanue C: iichukue. Ikigoma, partisheni ya ukarabati imekaa katikati kama mwiba, na programu kama DiskGenius itaisogeza.

Pima kasi kwa CrystalDiskMark. SSD ya SATA nzima husoma takriban MB 500 hadi 550 kwa sekunde. Ukipata kama 250 na kidogo, mashine yako ni ya SATA II, ndio mwisho wake, diski haina kosa. Hata hivyo utofauti utauona, kwa kuwa kilichokuwa kinakuchelewesha ni kichwa cha HDD kukimbia huku na huku kutafuta vipande, milisekunde kumi na zaidi kila safari, na SSD haina kichwa cha kukimbiza.

Na ile HDD? Iweke kabatini wiki mbili bila kuigusa, mpaka uhakikishe hakuna faili uliyoisahau. Baada ya hapo itie kwenye kesi ya USB iwe diski ya nje, au ikae kwenye nafasi ya DVD kwa fremu maalumu. Pima unene kwanza, zipo za mm 9.5 na za mm 12.7. Ukiamua kuiuza, kufomati kwa haraka hakutoshi, mnunuzi mwenye programu ya bure atazirudisha picha zako jioni hiyohiyo. Iunganishe, fungua diskpart, ichague kwa uangalifu uleule wa Toshiba na Kingston, andika `clean all`, uiache usiku kucha.